Semina ya fasihi ya Kijerumani ya karne ya 18: usiibadilishe, ila mtazame mtawala

Mdogo wangu, nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia. Umepata nafasi ya uzamili Ujerumani, Kijerumani chako kimefika C1 (ngazi ya juu), na muhula wa kwanza umepangiwa semina ya fasihi ya karne ya 18. Unauliza kama uombe ubadilishiwe upewe kitu cha kisasa, kwa kuwa lugha ni ngumu na, kama alivyosema mdau mmoja hapo juu, hayo ni mambo ya kale ya wenyewe, Mwafrika yanamhusu nini. Mimi nilisoma Germanistik, yaani lugha na fasihi ya Kijerumani, Leipzig baada ya shahada ya kwanza Dar es Salaam, na tasnifu yangu niliiandika juu ya karne hiyohiyo. Ushauri wangu: baki nayo.

Kinachowakwamisha wengi si lugha. Wanaisoma fasihi ile kama hadithi za mapenzi na machozi tu, ilhali nyuma ya vingi katika vitabu vikubwa vya zama zile yupo mtawala. Ujerumani kama dola moja haikuwapo hadi 1871. Karne ya 18 kulikuwa na dola zaidi ya 300, nyingine kubwa kama Prussia, nyingine ndogo unazivuka kwa miguu kabla jua halijazama. Mwandishi hakuweza kuishi kwa mauzo ya vitabu, maana kazi iliyochapwa Leipzig ilichapwa tena kwa wizi Vienna au kwingineko, na sheria ya dola moja haikuvuka mpaka. Basi akala mkate wa mtawala. Kuanzia 1770 Lessing, mwandishi wa tamthilia, alikuwa mkutubi wa mtawala wa Braunschweig, katika mji wa Wolfenbüttel. Goethe, mshairi na mwandishi wa riwaya, alihamia Weimar 1775 na kushika kazi za serikali. Schiller alisomeshwa katika shule ya kijeshi ya Karl Eugen, mtawala wa Württemberg, akafanywa daktari wa kikosi. Tamthilia yake ya kwanza, Die Räuber, ilipochezwa Mannheim Januari 1782, alikwenda kuitazama bila ruhusa. Alipokwenda tena, akafungwa siku 14 na kukatazwa kuandika chochote kisichohusu udaktari. Septemba akatoroka. Alijua anachokikimbia: mshairi Schubart alikuwa ndani ya ngome ya Hohenasperg tangu 1777 bila kufikishwa mahakamani, na hakutoka hadi 1787.

Ukishayajua hayo, fungua tamthilia ya Lessing, Emilia Galotti. Onyesho la kwanza kabisa: Prinsi, mtawala wa nchi, amekaa mezani, mbele yake rundo la malalamiko na maombi ya raia. Anachukua barua ya mwanamke mmoja aliyeomba makubwa. Lakini mwombaji anaitwa Emilia, na Emilia ni jina la msichana anayemtamani. Ombi linakubaliwa. Kisha nenda mwisho wa sehemu hiyohiyo ya kwanza. Prinsi yuko mbioni kumfuata msichana kanisani, gari linamngoja, na mshauri wake mzee, Camillo Rota, anamwambia kuna hukumu ya kifo ya kutiwa saini. "Kwa furaha. Ilete, haraka." Mzee anashtuka, anarudia: nimesema hukumu ya kifo. Prinsi anasema amesikia, ana haraka. Hapo mzee anajifanya hakuja na karatasi ile, anaomba iahirishwe hadi kesho. Hakuna hotuba, hakuna anayepayuka kuhusu udhalimu. Lakini umeshaonyeshwa dola ambamo jina zuri linampa mtu haki na haraka ya mapenzi inaweza kumuua mwingine. Semina yetu ilikaa kwenye kurasa hizo chache saa moja na nusu nzima, na bado tulikuwa na ya kusema.

Sasa angalia mahali. Lessing hakuiweka habari hii Braunschweig, aliipeleka Guastalla, Italia. Na ilichezwa mara ya kwanza Machi 1772 mjini Braunschweig, katika siku ya kuzaliwa ya mke wa mtawala aliyemwajiri! Sisi tuliokulia kwenye lugha yenye mafumbo, tuliofundishwa Muyaka wa Mombasa na mashairi yake ya siasa yaliyofumbwa, hatuhitaji kufafanuliwa sana mwandishi anafanya nini hapo. Wenzangu wa Kijerumani walilifikia polepole kupitia vitabu vya nadharia. Huo ni mtaji wako, usiuone mdogo.

Ukitoka hapo soma tamthilia ya Schiller, Kabale und Liebe (1784), na usiruke sehemu ya pili, onyesho la pili. Mtumishi mzee anamletea Lady Milford, hawara wa mtawala, kasha la almasi. Lady Milford anauliza zimegharimu kiasi gani. Anajibiwa kwamba hazijamgharimu mtawala hata senti: jana vijana 7,000 wa nchi wamepelekwa Amerika, hao ndio wanaolipa. Wawili watatu waliothubutu kuuliza bei ya binadamu walipigwa risasi mbele ya wenzao, na jeshi zima likapiga kelele za shangwe, twende Amerika! Mzee ana wanawe mle. Schiller hakubuni biashara hiyo. Katika vita vya uhuru wa Marekani, Uingereza ilikodi takriban askari 30,000 kutoka kwa watawala wa Kijerumani, wengi zaidi wakitoka Hessen-Kassel. Mtu akisoma onyesho hilo na bado akauliza linamhusu nini Mwafrika, mimi sijui nimjibuje.

Nathan der Weise (1779), tamthilia nyingine ya Lessing, nayo ilizaliwa kwa marufuku. Lessing alikuwa katika mabishano makali ya dini na mchungaji Goeze wa Hamburg. Mwaka 1778 mtawala akamwondolea ruhusa ya kuchapa bila kukaguliwa, naye akahamishia hoja zake jukwaani, katika Yerusalemu ya sultani Saladin. Werther, riwaya ya Goethe, utaisoma tu, haina haja ya kusukumwa. Ila uliza mapema ni toleo lipi linalotumika, la 1774 au la 1787, kwani yanatofautiana na maprofesa hulishikilia sana jambo hili. Na usiipite ile sehemu Werther anapoondoshwa kwenye baraza la makabaila kwa sababu ya nasaba yake. Wengi hukumbuka mapenzi tu.

Kuhusu lugha: tamthilia ni rahisi kuliko riwaya, kwa hiyo anza nazo. Nunua vijitabu vya njano vya mchapishaji Reclam, bei yake ni ndogo na vingi vina maelezo ya maneno. Kamusi za leo zitakupotosha, maneno mengi yamebadilika maana. Tumia kamusi ya Adelung, iliyoanza kutoka 1774, inapatikana bure mtandaoni. Matoleo ya zamani yamechapwa kwa herufi za Fraktur, ambamo s ndefu inafanana na f. Ingia Deutsches Textarchiv, hazina ya maandishi ya zamani mtandaoni, utaona picha ya ukurasa na maandishi yake kwa herufi za kawaida ubavuni, na macho yatazoea. Na nenda Sprechstunde, ile saa ya profesa kuonana na wanafunzi. Huku kwetu tunaona haya kumsumbua mwalimu, kule asiyekwenda anadhaniwa hana swali.

Nirudi kwa mdau. Mwafrika alikuwamo ndani ya karne hiyo. Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa Axim, Ghana ya leo, alipelekwa akiwa mtoto kwa watawala haohao wa Braunschweig-Wolfenbüttel, akalelewa pale, akasoma Halle na Wittenberg, akatetea tasnifu ya falsafa 1734 kwa Kilatini, akafundisha Halle na Jena, kisha akarudi Afrika. Zaidi ya miaka 20 baada ya kuondoka kwake, Lessing alifika Wolfenbüttel kula mkate wa nyumba hiyohiyo. Na mwanafalsafa Kant, aliyewataka watu wathubutu kutumia akili zao katika makala yake ya 1784, ndiye pia aliyeandika mambo ya kudhalilisha kuhusu watu weusi. Yote mawili yasome na uyaseme darasani. Una haki ya kuyasema, na semina nzuri itakusikiliza.

Kwa Hausarbeit, ile insha ya kitafiti ya mwisho wa muhula, chagua kitu chembamba: maombi na saini katika Emilia Galotti, kwa mfano, na si "utawala katika fasihi ya karne ya 18". Ukipewa orodha ya vitabu vya semina, iweke hapa tuipitie pamoja.