Kesi imetupwa. Naweza kumshtaki aliyenishtaki?

SWALI: Wakili, nauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi. Mshirika wangu wa zamani alinishtaki mahakama ya Milimani akidai kibanda ni chake, akapata amri ya kunizuia kukifungua. Sasa kesi imetupwa, lakini wateja wamehama na mkopo wa chama umenilemea. Naweza kumdai? — Mama Mitumba

JIBU: Pole sana, mama. Inaniuma mahakama ikigeuzwa rungu la kumnyima mtu riziki.

Anza na gharama za kesi. Kwa kawaida aliyeshindwa ndiye hulipa, ila pesa hizo hazigusi mauzo uliyopoteza. Kwa hayo, chunguza jalada: alipopewa amri ile, aliahidi kukufidia? Kama aliahidi, hiyo ndiyo njia fupi, nami ningeifuata kwanza.

Kumshtaki kwa kukufungulia kesi ya madai kwa nia mbaya ni mlima. Mwaka 2016, katika kesi ya Willers v Joyce, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliikubali dai la namna hii kwa majaji 5 dhidi ya 4. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini wakili wako anaweza kuuegemea. Utahitaji kuthibitisha kwamba kesi iliisha kwa faida yako, hakuwa na sababu ya maana ya kuifungua, alikuwa na nia mbaya, na ulipata hasara. Kushindwa kwake pekee hakuthibitishi nia mbaya. Kama alikutumia ujumbe wa kutisha, usiufute! Tafuta pia daftari la mauzo.

Usikawie: madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3.