Maswali ya Wasomaji: Pikapu inayorusha abiria

SWALI: Nina Toyota Hilux ya milango minne, ilikuja na matairi 265/65R17. Nimeweka rimu za inchi 20 na matairi 265/50R20, na muuzaji alinihakikishia kwamba kimo cha gurudumu hakibadiliki. Kwenye lami liko sawa, ila nikishika njia ya vumbi kwenda shambani Hombolo linagonga mpaka mama analalamika kiuno. Rimu moja imeshapinda. Je, nibadilishe shokapu?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Shokapu ziache kwanza. Kuhusu kimo, muuzaji alisema kweli: gurudumu la zamani lina milimita 776 hivi, la sasa 773. Ndiyo maana hata mshale wa spidi haujadanganya. Kilichopungua ni ubavu wa tairi. Namba ya katikati ni asilimia ya upana: 65 ya 265 ni milimita 172, na 50 ya 265 ni 132. Umepoteza sentimita 4 za mpira na upepo kila upande, na hizo ndizo zilizokuwa zikimeza mashimo kabla hayajafika kwenye springi. Siku hizi ukingo wa shimo unaukandamiza ubavu mpaka chuma kinagonga, rimu inapinda na tairi linavimba ubavuni. Likagueni lile lililokuwa kwenye rimu iliyopinda. Likiwa na uvimbe, halifai kurudi barabarani hata kama kashata zake, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, ni mpya.

Kuna pia uzito. Rimu kubwa kwa kawaida ni nzito, na uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Kwenye rasta, au barabara iliyojikunja kama bati, gurudumu zito huchelewa kurudi chini na mtikisiko wote hupanda kwenye bodi.

Ushauri wetu ni kurudi kwenye 17. Ukitaka ulaini zaidi, 265/70R16 lina ubavu wa milimita 185 na kimo cha 777, yaani karibu kile kile. Lakini usinunue rimu nne kabla ya kujaribisha moja mbele, maana breki za baadhi ya Hilux hazienei ndani ya 16. Funga nati zote, zungusha gurudumu kwa mkono, hakikisha halikwaruzi kalipa (sehemu inayobana diski ya breki) popote. Matundu ya nati yawe 6 kwenye duara la milimita 139.7, na tundu la katikati 106.1. Likizidi hapo, weka ringi za kuziba pengo, la sivyo usukani unaweza kutetemeka ukikimbia. Soma pia namba ya ET kwenye rimu (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu) na uifananishe na ya rimu za awali: ikiwa ndogo sana gurudumu linatokeza nje na beringi zinaumia.

Jambo la mwisho wakati wa kununua: tairi lenye herufi LT mbele ya saizi lina mwili mgumu wa kubebea mizigo. Namba 112 kwenye ubavu maana yake kilo 1,120 kwa tairi. 121 ni kilo 1,450. Kwa gari la familia hiyo 121 ni ugumu unaoulipia bure.

SWALI: Nabeba alizeti kwa pikapu kutoka Chemba. Fundi anajaza upepo 45 magurudumu yote. Nikirudi mtupu, nyuma linarukaruka. Nitoe kipande kimoja cha springi?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Usitoe. Springi hizo zimepangwa kwa mzigo, ukipunguza utavunja zilizobaki. Fungua mlango wa dereva, soma stika: mara nyingi ina kipimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo, na tofauti kubwa iko nyuma. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Mchana tairi likiwa la moto kipimo hupanda chenyewe, na ukipunguza hapo kesho yake litakuwa chini ya kiwango. Ukishashusha magunia, subiri tairi zipoe, rudisha nyuma kwenye kipimo cha gari tupu. Kabla ya kupakia tena, ongeza. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo hupata moto ubavuni na kupasuka kwenye lami. Ukiona kashata za katikati zinaisha haraka kuliko za pembeni, hiyo 45 imeshakula tairi zako.