Maswali na Majibu: Jeni Huwashwa, Huzimwa na Kubadilika

Je, kiumbe tata zaidi ndiye mwenye jeni nyingi zaidi?

Hapana. Jeni ni kipande cha DNA, kemikali ndani ya seli inayobeba maelekezo ya urithi kwa herufi nne: A, C, G na T. Binadamu ana takriban jeni 20,000 za kutengeneza protini katika jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi za DNA, ilhali kitunguu maji kina DNA inayokaribia mara tano ya yetu, sehemu kubwa ikiwa ni vipande vinavyojirudiarudia. Bakteria wa E. koli ana jeni zipatazo 4,300, zilizobanana katika kromosomu moja ya mviringo. Kwa maoni yangu, cha kutazamwa kwanza si idadi ya jeni, bali ni zipi zinafanya kazi, lini na wapi.

Bakteria hana ubongo. Anajuaje jeni ya kutumia?

Jibu lilitolewa mwaka 1961 na wanasayansi François Jacob na Jacques Monod, waliokuwa wakifanya kazi Paris. Katika E. koli, jeni tatu zinazohusika na laktosi, yaani sukari ya maziwa, zimepangwa mfululizo na husomwa kwa pamoja, yaani hutumiwa na seli kutengeneza protini. Laktosi isipokuwepo, protini maalumu hukalia DNA mbele ya jeni hizo na kuzuia usomaji. Laktosi inapoingia, zao lake hujishika kwenye protini hiyo, ambayo hubanduka na kuacha njia wazi.

Mbona baadhi ya watu wazima hunywa maziwa bila shida, na wengine hujaa gesi na kuharisha?

Karibu watoto wote huzaliwa jeni yao ya laktasi, kimeng'enya cha kusaga laktosi, ikifanya kazi, lakini kwa watu wengi hufifia baada ya kuachishwa ziwa. Katika jamii nyingi za wafugaji haifanyi hivyo. Mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walieleza badiliko la herufi moja ya DNA, G kuwa C, linaloonekana sana Kenya na Tanzania, nalo halimo ndani ya jeni yenyewe bali katika eneo linaloiongoza. Wazungu wana badiliko lao, karibu na hapo hapo, lililotokea peke yake. Sioni ushahidi mzuri kuliko huu wa jinsi ufugaji ulivyoacha alama katika miili yetu.

Je, vimelea vya malaria hubadilika kwa sababu vimeona dawa?

Hapana. Makosa ya kunakili DNA hutokea bila kukusudiwa. Dawa huua vimelea visivyo na badiliko na kuviacha vyenye nalo vizaane. Malawi ilipoacha dawa ya malaria ya klorokwini mwaka 1993, vimelea sugu vilipungua sana katika miaka michache iliyofuata.

Mtoto wetu ana selimundu, lakini maumivu yalianza akiwa na miezi saba. Je, aliupata ugonjwa baada ya kuzaliwa?

Poleni sana, wazazi. Hapana, aliurithi kutoka kwenu nyote wawili. Katika jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), iliyo kwenye kromosomu namba 11, neno la herufi tatu GAG limekuwa GTG, na badiliko hilo moja hufanya himoglobini ishikamane na seli nyekundu kupinda kama mundu. Tumboni, hata hivyo, mtoto hutumia himoglobini ya kichanga, inayotoka kwenye jeni nyingine zilizo jirani. Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huzizima taratibu, na hapo ndipo jeni yenye kasoro hushika kazi na dalili kujitokeza.

Hapo pia ndipo tiba ilipopata mlango. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokata DNA ya seli mama za damu ili BCL11A ipungue na himoglobini ya kichanga irudi. Gharama yake ni kubwa mno kwa familia zetu. Lakini kidonge cha haidroksiyurea nacho huongeza himoglobini hiyo, na utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ulionyesha kuwa watoto waliokitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo. Ulizeni kuhusu dawa hiyo kliniki mtakapompeleka mtoto.