Jibu: Wanafunzi wamo kwenye kamati lakini hawasemi kitu

Mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi mliowaingiza kwenye kamati ya ustawi wa shule wanakaa kimya kikao kizima. Sidhani ni woga. Kijana anayekabidhiwa ajenda mlangoni, mambo yakiwa yameshaamuliwa, aseme nini? Roger Hart, mtafiti wa ushiriki wa watoto, katika ngazi aliyoiandikia UNICEF mwaka 1992 kuonyesha watoto wanashirikishwa kiasi gani, aliweka vipandio 8, na hali hiyo iko kwenye vile 3 vya chini ambavyo kwake si ushiriki hata kidogo.

Anzeni na jambo wanaloliishi. Zungukeni nao shuleni, wawaonyeshe choo kisicho na komeo, kona wanayoogopa kuipita, saa ambayo wadogo huonewa. Kisha wapeni fungu dogo la bajeti waliamulie wenyewe.

Na tafadhali, warudishieni majibu! Pendekezo likikataliwa, waambieni sababu ana kwa ana. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 hakisemi mtoto akubaliwe kila kitu. Kinataka maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake.

Halafu msichukue viranja peke yao. Yule mtoro wa vipindi naye aitwe, maana anajua vizuri kinachomkimbiza.