Jibu: Daftari za AMCOS kuhamia kwenye wingu, umeme unaokolewa kweli?

Mkuu, umeuliza kama AMCOS yenu ya Tandahimba (chama cha ushirika cha wakulima wa korosho) ikizima seva ya ofisini, yaani kompyuta inayotunza daftari zenu, na kuhamia kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, itaokoa umeme. LUKU yenu itapumua, hilo halina ubishi: mashine ya wati 150 isiyozimwa inakula uniti 3.6 kwa siku, kama 108 kwa mwezi. Ila kazi yenyewe inahamia kwingine. Mkichagua kituo cha wingu cha Cape Town, mmeacha umeme wa gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, mkaenda kwenye gridi ya Afrika Kusini inayotegemea zaidi makaa ya mawe. Nafuu yake ni kwamba kule mashine moja inahudumia wateja wengi. Yenu inashinda bure huku inakula.

Mzigo mkubwa ni picha za stakabadhi. Picha ya simu ni MB 4, stakabadhi 2,000 ni GB 8. Zipunguzeni hadi KB 300 kila moja, zinabaki MB 600, na bando linapona.

Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Kwa hiyo kila jioni ya msimu wekeni nakala kwenye diski ya nje. Na mtandao ukikata, mtu mmoja tu ndiye aingize uzito wa ghalani. Wawili wakihariri faili moja, mtandao ukirudi mnapata nakala mbili zinazopingana, halafu mkulima anadai kilo zake. Ugomvi wa korosho mnaujua wenyewe.

Akaunti za benki za wakulima je? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Isomeni kabla ya kusaini mkataba.