Ukiona masikio ya kiboko tu, boti ilikuwa na haraka

Wiki iliyopita dada mmoja anayenifuata humu kaniandikia ujumbe mkali. Yeye na mumewe walijibana mwaka mzima, wakaenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, wakalipia boti ya Mto Rufiji, na walichoambulia ni masikio ya viboko. "Dada, wewe ndiye ulituaminisha. Hiyo boti ina nini ambacho gari haina?" Nilikuwa kwenye foleni Mbagala Rangi Tatu, jua la utosi, na ujumbe ule uliniudhi. Nikamuuliza: mlipanda saa ngapi? Akajibu saa 6 mchana, kwa sababu aliyewapeleka alitaka warudi Dar mapema. Na mkikuta viboko mlikuwa mnasimama kwa muda gani? "Kusimama? Tulikuwa tunapita."

Nimeona jibu lake niliweke hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna ndoto kama yangu: kuzimaliza hifadhi zetu kabla magoti hayajagoma, kwa hela ya mshahara na ya kikoba, bila kungoja semina ya serikali itupeleke.

Kwanza niwaambie jambo ambalo picha zangu zinalificha. Mimi maji nayaogopa. Nimekulia Dodoma, huko maji tuliyajua kwenye ndoo na madumu, na kuogelea sijui mpaka leo. Mnaponiona nimekaa mbele ya boti nimetabasamu, mkono usioonekana kwenye picha umeshikilia ubao wa kiti kama umegundishwa. Kwa hiyo asije mtu akasema ninaipenda boti kwa sababu nimezaliwa pwani.

Safari yangu ya kwanza pale, barabara ya Kibiti hadi Mloka nairuka. Vumbi ni vumbi. Mloka ni kijiji kilicho karibu na geti la Mtemere, na kambi nyingi za nje ya hifadhi ziko maeneo hayo, kando ya mto. Tulikuwa wanawake wa ofisi moja, tumechangishana, tumelipa kila kitu kabla ya kuondoka. Saa 10 jioni tukashuka mtoni. Kijana mwenye orodha kanitazama, kaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, wageni wako wako wapi? Wanatakiwa wavae majaketi." Nikamwambia wageni ni sisi. Akaangalia orodha, akaniangalia mimi, akarudi kwenye orodha, kidole chake kinatembea juu ya majina yetu kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine. Halafu tukapelekwa viti vya nyuma kabisa, jirani na mashine, na mbele kulikuwa na viti vitupu viwili ambavyo havikukaliwa mpaka tunarudi.

Kambi yenyewe siitaji. Lakini miaka imepita na bado nikikumbuka kile kidole damu inachemka. Mtanzania anaingia hifadhi ya nchi yake, iliyopewa jina la baba wa taifa lake, anaulizwa wageni wake wako wapi!

Hata hivyo mwenye kuniweka nyuma alinipa bila kujua kiti bora kuliko vyote, kwa sababu nyuma ndipo anapokaa nahodha.

Alikuwa mzee wa Kirufiji, mkimya, kofia imepauka mpaka haijulikani ilikuwa ya rangi gani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba binti, akaona jinsi nilivyoshikilia ubao. "Usitazame maji. Tazama ukingo." Nikatazama ukingo, na moyo ukatulia. Akaniuliza natoka wapi. Dodoma, nikasema. Akacheka. "Sasa unaogopa nini? Mtera si kwenu? Haya maji yamepita kwenu kabla ya kufika huku."

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Ni kweli Ruaha Mkuu unapita Mtera, unashuka Kidatu, unaingia Rufiji juu kidogo ya korongo la Stiegler, pale ambapo leo kuna bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Rufiji wenyewe unaanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana. Ukiwa ndani ya boti Mtemere, umekaa juu ya maji ya karibu moja ya tano ya nchi.

Haya, viboko.

Yule mzee alikuwa akisoma mto. Pale maji yanapofanya mikunjo midogo midogo, chini kuna mchanga. Pale yanapoteleza laini, kina kipo, na kiboko yupo. Tulipokaribia kona alipunguza mwendo, akaugonga ubavu wa boti kwa kiganja. Vichwa vikaibuka kimoja kimoja kushoto kwetu. Nikadhani anawachokoza. Kumbe alitaka wajionyeshe walipo, ili asijikute amepita juu ya mmoja wao. Akaniambia pia kitu ambacho tangu hapo namuuliza kila nahodha kabla sijapanda: kiboko aliye kwenye maji machache, usikae kati yake na kina. Akishtuka anakimbilia kina, na wewe ukiwa njiani hilo ni lako.

Kisha akazima mashine. Boti ikawa inaelea taratibu kuelekea kwenye majani, akalishika tete moja ikasimama.

Dakika za mwanzo, dada yangu, na mimi niliona masikio. Masikio, macho, pua, basi. Mwili wa mnyama huyu umepangwa hivyo: hivyo vitatu viko juu ya kichwa kwenye mstari mmoja ili vingine vyote vibaki majini. Jua la mchana linaikausha na kuiunguza ngozi yake isiyo na manyoya, ndiyo maana anatoa yale majimaji mekundu ambayo watu huyaita jasho la damu, ingawa si damu wala si jasho. Ni dawa yake ya jua na ya vidonda. Kiboko haogelei kama tunavyodhani, anatembea na kurukaruka chini kwenye mchanga, na anaweza kubana pumzi dakika kama 5. Sasa piga hesabu. Boti inafika kwa kelele, viboko wanazama, mtu anapiga picha ya mapovu, boti inaondoka baada ya dakika 2. Mtaona nini?

Sisi tulikaa. Wakazama, wakarudi, wakatutazama, wakazama tena, wakachoka kututazama. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Dume mmoja alifungua kinywa mpaka nikaona meno ya chini yalivyo marefu, na watu wa mbele wakacheka wakisema ana usingizi. Si usingizi ule. Ni onyo, alikuwa anamwonyesha dume mwingine silaha. Mtoto mmoja alipanda mgongoni mwa mama yake, akateleza, akapanda tena. Na jua lilipoanza kulegea, jike mmoja akatoka mzima mzima kwenye maji, tumbo linaning'inia, akasimama ukingoni, kwa sababu usiku ndio wakati wao wa malisho na mmoja anaweza kumaliza kilo 40 za nyasi kabla hakujapambazuka. Saa 6 mchana, jua likiwa kali, kiboko hana haraka ya kutoka. Hiyo ndiyo saa mliyopelekwa.

Gari lina nguvu zake, simba na mbwa mwitu nimewaona kwa gari. Lakini jaribu kusimama na gari chini ya ukingo uliosimama wima, uliotobolewa matundu kama hamsini, wakati keremkerem, wale ndege wala nyuki, wanaingia na kutoka. Tulifika hapo karibu ya kutosha kuona koo jekundu na paji jeupe bila darubini. Mmoja alikuwa na nyuki mdomoni. Hakummeza. Alimpigapiga kwenye mzizi uliochomoza, akamgeuza, akamsugua mkia mpaka mwiba ukatoka, ndipo akaingia naye tunduni. Matundu mawili juu yake, kenge alikuwa ameingiza kichwa chote ndani akitafuta mayai, mkia unaning'inia, na ndege wanamzomea. Wenzangu walikuwa wanaangalia upande wa pili kulikokuwa na mamba. Mamba naye msimdharau. Anapolala mchangani na kinywa wazi hamtishi mtu, anapunguza joto la mwili. Ila mimi ule mkia wa kenge sitausahau.

Tembo walikuja karibu na machweo, familia nzima, wakapita katikati ya mivumo wakashuka kunywa. Gari huwa linawafuata, nao wanajua. Sisi tulikuwa tayari pale walipofika, kimya. Tukasikia maji yakiingia kooni mwao. Twiga nao tuliwaona ukingo wa kaskazini, na kama mnapenda kujifanya wajuzi mbele ya wenzenu, kumbukeni hili: ndani ya hifadhi hii twiga wako kaskazini mwa Rufiji tu, kusini hawapo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnaponikasirisha.

Watu wetu tunafanya kazi kwa jasho, tunalipia hifadhi, halafu tunakwenda kupiga kelele. Picha aliyonitumia huyu dada, mumewe yupo mbele ya boti ameshika spika nyekundu ya ukubwa wa mtungi mdogo wa gesi. Mto mzima unasikia singeli! Furukombe anayelia juu ya mti, ile sauti ambayo mgeni kasafiri kutoka Ujerumani kuifuata, hamwezi kuisikia. Kisha mnasema boti ni utapeli. Nyamazeni. Mwambieni nahodha azime mashine. Akisema mafuta au muda hauruhusu, mwambieni kwa heshima afadhali mwende umbali mfupi mkae mahali pamoja. Nyamazeni tena. Ndugu zangu, sina ushauri mwingine mkubwa zaidi ya huo, na nimeuandika humu mara nyingi mpaka wengine mmenishusha vidole gumba.

Ya saa nimeshasema: saa 10 jioni kwenda machweo, au alfajiri kama mko kambi iliyo kando ya maji. Wanaorushwa kwa ndege ndogo kutoka Zanzibar kwa siku moja mara nyingi huangukia saa za jua kali, na hapo hata nahodha bingwa hana muujiza.

Ya msimu: Juni hadi Oktoba. Madimbwi ya bara yanakauka, wanyama wanalazimika kuja mtoni, na maji yakipungua mchanga unajitokeza na mamba wanapata pa kulala. Masika, Machi mpaka Mei, kaeni nyumbani. Kambi nyingi zinafunga, barabara zinageuka tope, na Aprili 2024 wote tuliona mafuriko yalivyowafanya ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti.

Mtoni na kwenye maziwa si kitu kimoja. Ndani ya hifadhi kuna Tagalala, Manze, Nzerakera na mengine, maziwa yaliyozaliwa na mto ulipokuwa ukihamahama, na mifereji inayounganisha baadhi yake. Huko maji yametulia, ndege ni wengi zaidi, na mtu mwoga kama mimi anapumua. Kwa boti ya kwanza ningekushauri ziwani kama kambi yako inaruhusu.

Bei: mwananchi anaingia kwa shilingi, si kwa dola, basi kitambulisho cha NIDA kiwe mkononi. Boti ulizeni mapema kama inatozwa kwa kichwa au boti nzima, kwa sababu boti nzima mkiwa wengi inakuwa nafuu hata kwa mtu wa kima cha chini. Jaketi la kujiokolea lifungeni vifungo vyote, msiliache wazi kwa ajili ya picha ya gauni. Mikono ibaki ndani ya boti.

Na mkifika mkaulizwa wageni wenu wako wapi, jibuni kwa sauti ya kawaida, mkapande. Chagueni kiti cha nyuma. Bakshishi ya nahodha mpeni yeye mwenyewe mkononi, msiiache ofisini, na kama amezima mashine bila kuombwa muongezeeni.