Moshi wa kiwanda: usisaini kabla hamjapima

Wiki hii ni maswali ya moshi tu, yamerundikana mpaka yanajirudia. Wa mirathi na wa mikopo ya kausha damu subirini zamu yenu. Na wale mnaoandika "kiwanda kinatutesa tusaidie" bila kusema kiwanda cha nini, kiko upande gani wa nyumba, kinawasha saa ngapi, hizo meseji nimezifuta, mimi sipigi ramli.

SWALI: Wakili habari za kazi. Tupo Vingunguti, kuna kiwanda usiku kinatoa moshi mweusi unaonuka plastiki. Tumelalamika serikali ya mtaa mara nyingi hakuna kitu. Tufanyeje?

"Mara nyingi" ni mara ngapi, na mliandika au mliongea tu? Hili swali nimeshalijibu sijui mara ngapi na kila mtu anaamini la kwake ni jipya. Nunua daftari la shule. Andika tarehe, saa moshi ulipoanza na ulipokata, upepo ulikuwa unatoka wapi, nani alikohoa, na kama kuna aliyeenda zahanati chukua nakala ya karatasi yake. Upepo usiupuuze, hapa Dar kusi inavuma kuanzia kama Mei mpaka Oktoba, kaskazi inashika Desemba mpaka Machi, kwa hiyo kama nyumba yako iko kaskazini mwa kiwanda utakula moshi msimu wa kusi halafu afisa anakuja Januari saa nne asubuhi anakuta hewa safi, watoto wanacheza, anaandika hakuna uchafuzi, na ripoti hiyo ndiyo wakili wa kiwanda atakuja kuisoma mbele ya jaji.

Kisha barua. Iende kwa afisa mazingira wa halmashauri na ofisi ya kanda ya NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, na msiombe "mtusaidie", ombeni wapime, usiku, saa zile zilizoko kwenye daftari. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujapeleka barua, umepeleka stori.

SWALI: Shikamoo wakili. Kiwanda kinatoa laki mbili na nusu kila kaya kupitia mwenyekiti wa mtaa, ila tusaini kwamba hatuna madai tena. Majirani wengi wameshachukua. Nina watoto wawili wana pumu. (Mama wa Chang'ombe)

Marahaba mama. Usisaini.

Sio kwamba napinga kumalizana, kesi za hewa ni ndefu na zinakula hela, mashahidi wanahama, mpimaji anataka chake, kiwanda nacho kina wakili anayelipwa kwa mwezi. Makubaliano mazuri ni bora kuliko hukumu ya baada ya miaka kumi. Shida ni hiyo karatasi. Karatasi za namna hiyo, nimeziona nyingi tu, zinachanganya mambo mawili kwenye sentensi moja: fidia ya moshi mliokwisha kuvuta na ruhusa ya moshi ambao bado hamjavuta. Laki mbili na nusu inalipia jana halafu inanunua na kesho, na mtoto wa miaka sita hata hajui ameuzwa.

Kuna mgogoro wa zamani napenda kuutaja kila mtu akiniletea karatasi za aina hii. Mji wa Trail, Canada, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha madini karibu na mpaka, moshi wake wa salfa ukawa unashuka na bonde kwenda kuua mazao ya wakulima wa jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1931 ikapendekezwa dola 350,000 za hasara ya nyuma. Wangekuwa sisi tungepiga picha ya kukabidhiana na biashara imeisha. Wao hawakuishia hapo, mambo yakaenda kwa wasuluhishi, mwaka 1938 zikaongezwa dola 78,000, na uamuzi wa mwisho wa 1941 ndio wenye akili: kiwanda kikaambiwa kiasi cha salfa kinachoruhusiwa kutoa, kiasi hicho kinabadilika kufuatana na msimu wa mazao na hali ya upepo, na vifungwe vyombo vya kurekodi. Yaani upepo uliingizwa mpaka ndani ya uamuzi! 1941! Na sisi leo tunagawiwa laki mbili na nusu chini ya mwembe.

Kwa hiyo mama, mkirudi kwenye kikao ulizeni: kipimo cha sasa ni kiasi gani na nani amepima, maana mpimaji aliyeletwa na kiwanda peke yake mimi simtambui. Kitashuka mpaka wapi na kabla ya tarehe gani. Baada ya hapo nani atapima kila baada ya miezi mingapi na majibu yabandikwe wapi ili kila mtu ayaone. Wakizidisha wanalipa nini bila nyie kuanza kesi upya. Wakikubali, wakili aandike hati ya makubaliano na kama kesi iko mahakamani isajiliwe kuwa amri ya mahakama, wakikiuka mnaenda kukazia hukumu, hamuendi kubembeleza. Wakikataa kuandika hata kimoja katika hivyo basi wameshakujibu.

Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kusamehe pumu ya mwanao, awe anachaguliwa na nyie au na nani. Hata nyie mkitaka wachache washtaki kwa niaba ya wengi, mahakama lazima itoe kibali kwanza. Na kwenye kesi, makubaliano yanayomgusa mtoto yanahitaji ruhusa ya mahakama, mzazi hawezi kujisainia tu. Majirani waliochukua hela wasijinyonge, mkataba hauwezi kuhalalisha kuvunja sheria ya nchi, na NEMC hawafungwi na karatasi ambayo hawakusaini.

SWALI: NEMC walishakipiga faini hicho kiwanda, si ndio yamekwisha?

Yamekwisha kati ya kiwanda na serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliweka faini ya kuchafua mazingira kati ya milioni 3 na milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, na mkosaji akikiri kwa maandishi kosa linaweza kufifilishwa, analipa anaondoka bila kupanda kizimbani. Hakuna hata shilingi inayokuja kwako. Madai yako yako palepale, na tena kukiri huko kwa maandishi ni dhahabu, mwambie wakili wako aikimbilie hiyo nakala. Mimi kufifilisha sikupendi kukifanyika kimya kimya. Kuna wenye viwanda wameshaiweka faini kwenye bajeti kama hela ya maegesho Kariakoo, wanalipa wanaendelea kupaki. Kama kosa la hewa linafifilishwa basi tangazeni kiwango kilichopimwa na tarehe ya kurekebisha, vinginevyo wananchi tuna haki ya kuwaza vibaya.

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha kuyeyusha vyuma tangu 1994, wakati huo hapa ilikuwa mikorosho mitupu. Watu wamekuja kujenga wenyewe wamenikuta, leo wanataka nihame. Hii ni haki?

Mzee wangu, nakuelewa, ila hoja ya "mlinikuta" ni dhaifu kuliko unavyodhani. Mwaka 1879 London kulikuwa na mtengeneza peremende aliyetwanga kwa vinu zaidi ya miaka ishirini, daktari akaja kujenga chumba cha kuonea wagonjwa ukutani kwake, akashtaki kelele, na daktari akashinda. Kesi hiyo, Sturges dhidi ya Bridgman, ni sehemu ya sheria ya Kiingereza tuliyoirithi. Kuna nyingine ya 1865 ya kiwanda cha kuyeyusha shaba huko St Helens: majaji walisema kama ni usumbufu tu, tabia ya eneo inaangaliwa, lakini moshi ukiharibu mali ya mtu huwezi kujificha nyuma ya "hili ni eneo la viwanda". Sasa mapafu je.

Ila wanaopima viwanja vya makazi ukutani kwa tanuru nao waje wajibu. Unampa mtu hati leo, kesho unamtuma afisa afya akamfunge jirani yake. Kwako wewe mzee, fedha utakayompa wakili kwa miaka mitatu inaweza kuanza kulipia filta, na waulize wenzako wa Dar wanaotumia gesi asilia ya Songo Songo waliihamiaje hiyo gesi. India mwaka 1996 Mahakama ya Juu iliviambia viwanda 292 vinavyoizunguka Taj Mahal viache makaa ya mawe, vitumie gesi au vihame. Jiulize ungependa kuchagua mwenyewe au uchaguliwe.

SWALI: Naweza kushtaki kwa kutumia viwango vya WHO? Wanasema mwisho ni 5 na mtaani kwetu ni zaidi.

Hapana. Hiyo 5 ni maikrogramu kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka, kwa zile chembe ndogo sana za PM2.5, na WHO waliishusha kutoka 10 mwaka 2021. Ni ushauri kwa serikali. Mahakama ya hapa itakuuliza Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za 2007, kazitafute uzisome kabla hujaniandikia tena. Ukizisoma tofautisha kiwango cha kinachotoka kwenye bomba la kiwanda na kiwango cha hewa ya mtaani. Kila kiwanda kinaweza kufaulu bombani na mtaa bado ukafeli, maana mabomba ni mengi na pafu ni lako moja. Hapo kushtaki kiwanda kimoja utachoka bure, unayemshika ni msimamizi. Afrika Kusini walifanya hivyo, Mahakama Kuu ya Pretoria mwaka 2022 ikasema hewa ya eneo la Highveld, kule kwenye mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, inavunja haki ya kikatiba, na serikali ikaagizwa kutunga kanuni za kutekeleza mpango wake yenyewe.

SWALI: Kipima hewa nilichoagiza mtandaoni kinakubalika mahakamani?

Kinakusaidia kujua lini umuite mpimaji. Basi.

SWALI: Kaka nafanya kazi kwenye vumbi, kiwandani wanatupa maziwa nusu lita kila siku. Kifua kinabana. Niende NEMC?

Mdogo wangu, maziwa yanaenda tumboni na vumbi liko kwenye mapafu, hayakutani. Huu mchezo wa maziwa umewafanya watu wafanye kazi bila barakoa miaka na miaka wakidhani wamekingwa. Ndani ya uzio nenda OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, NEMC ni zaidi wa nje. Daktari akithibitisha ugonjwa umetokana na kazi, madai yanaenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mwajiri anapaswa awe anachangia huko. Toa taarifa kwa mwajiri kwa maandishi leo, usisubiri kuachishwa.

SWALI: Je kuchoma taka zangu nyuma ya nyumba nako kunahusu?

Kunahusu. Zima.

SWALI: Mimi ni meneja, tumefungiwa kwa amri, mkurugenzi anasema tumtafute mheshimiwa fulani atufungulie. Ushauri?

Sheria inawapa siku 30 kukata rufaa Baraza la Rufaa la Mazingira. Zinahesabika nyie mkiwa kwenye foleni ya kumuona mheshimiwa. Na hata akiwafungulia, kiwanda kilichofungwa mbele ya kamera na kufunguliwa kwa simu hakina karatasi yoyote ya kukilinda siku mheshimiwa akibadilishwa.

SWALI: Hivi kuna wananchi wa kawaida waliowahi kushinda kweli au mnatupa moyo tu? (Tabata)

Unaniuliza ukiwa Tabata! Wakazi wa hapo hapo kwenu walilishtaki Jiji mwaka 1988 kwa dampo, moshi, nzi na harufu, wakashinda, Jiji likawa linarudi kuomba muda, mpaka 1991 Jaji Lugakingira akalishangaa, kwamba hajawahi kusikia mamlaka ya umma ikija mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua, akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, na wa huko nao wakashtaki, wakashinda. Ndiyo maana narudia habari ya kuandika masharti, amri ya "ondoka hapa" tu inauhamishia moshi puani kwa mwingine.

Jirani zetu Mombasa, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka kwenye betri chakavu kiliwaachia watu sumu kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama ikawapa shilingi bilioni 1.3 za Kenya, serikali na taasisi zake zikabebeshwa pia, 2023 Mahakama ya Rufani ikafuta, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Wenye nia ya kushtaki: madai ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu, ingawa uchafuzi unaoendelea unaanza kuhesabiwa upya kadiri unavyoendelea, usiutegemee sana huo mwanya. Na mkimuunganisha halmashauri au taasisi ya serikali, notisi ya siku 90 kwanza na Mwanasheria Mkuu awemo, mkisahau hilo kesi inatupwa kabla jaji hajasikia hata neno moshi.